Kichwa Mapajani mwa Alfhild

Saa moja na robo jioni Gunvor alikata kipande cha uzi wa meno, akauzungushia vidoleni, akakaa ukingoni mwa kitanda kusubiri mjukuu wake afungue mdomo. Ylva, mwenye miaka saba, alikuwa ameufumba kabisa. Mama yake alikuwa zamu ya jioni hospitalini. Redio jikoni ilisema theluji ingefika kusini mwa Uswidi kabla ya asubuhi.

Magego mawili ya Ylva yalikuwa yameanza kuoza pale yanapogusana, mahali ambapo mswaki haufiki. Daktari wa meno alikuwa amesema wazi: uzi kila jioni, la sivyo baada ya Krismasi mtoto atalazwa usingizi kwa dawa na magego yatang'olewa.

"Fungua, kipenzi changu."

"Utanikata."

"Nimewahi kumkata nani mimi?"

"Mkate. Jana uliukata ukawa kama ngazi."

Gunvor alicheka. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, na ni kweli havikuenea vizuri katika mdomo mdogo.

Ndipo Alfhild alipoingia. Alivua viatu mlangoni kama mtu yeyote anayeijua adabu ya nyumba, akaviweka sawasawa kando ya viatu vya mtoto. Alikuwa dada mkubwa wa Gunvor, na alikuwa amekufa miaka hamsini iliyopita. Alivaa gauni la kijivu lenye namba 317 kifuani. Bado alikuwa na miaka kumi na minane.

"Umezeeka, Gunvor," alisema taratibu.

"Na wewe umechelewa," alisema Gunvor, akasogea kumpisha.

Alfhild alizaliwa mzito wa kusema. Kwa sababu hiyo, Gunvor alipokuwa na miaka minne, gari lilikuja likamchukua dada yake kumpeleka kwenye nyumba kubwa ya matofali kando ya ziwa, walikofungiwa watu kama yeye, na mezani kwao kiti kimoja kikapelekwa ghalani.

Alfhild aliuchukua uzi, akafunga ncha zake mbili ukawa pete ya ukubwa wa kisahani. Ukiufunga hivyo hauponyoki. Akakaa upande wa mto, akakilaza kichwa cha Ylva mapajani mwake, uso ukielekea taa.

"Nikuite Bibi?" aliuliza Ylva.

"Niite Alfhild. Kule waliniita namba."

"Mikono yako ina baridi."

"Nimetoka mbali."

"Iache hapohapo. Fizi haziumi."

Uzi ulipita nafasi zote, na Ylva alihesabu kwa sauti ya puani mpaka ya mwisho.

"Umefundishwa na nani?" Gunvor aliuliza.

Alfhild alieleza, neno moja baada ya jingine, na hakuna aliyemharakisha. Katika nyumba ile madaktari walitaka kujua meno huozaje. Waliwapa waliofungiwa mle tofi kubwa za kunata, ishirini kwa siku, mwaka mzima na mwingine. Asubuhi waliwalaza vichwa, wakatazama, wakaandika. Taa zikizimwa, Alfhild alichomoa nyuzi kwenye shuka lake akawasafisha wale wadogo, kitanda hadi kitanda. Walipogundua, waliandika kwamba ameharibu kazi yao, wakampa shuka la turubai, lisilochomoka uzi.

"Walipomaliza, wakaitangazia nchi nzima," alisema. "Peremende Jumamosi tu."

"Ndiyo maana sisi watoto hula peremende Jumamosi tu?" aliuliza Ylva.

"Ndiyo maana."

Tangu siku hiyo alikuja kila jioni saa ileile. Jirani wa chini alikutana naye ngazini, akamkumbusha kwamba mlango wa chini ufungwe kwa sababu ya baridi. Alfhild akaufunga.

Gunvor aliandika barua kwa ofisi inayosimamia makaburi ya nyumba ile. Aliomba jiwe lililoandikwa 317 liandikwe jina. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la heshima sana: namba inalingana na daftari, kila kitu kiko sawa.

Baada ya Krismasi daktari wa meno aliangalia kwa kioo chake kidogo. Kuoza kulikuwa kumesimama. Magego yatabaki.

"Mmefanyaje?" aliuliza.

"Dada yangu humshika kichwa," alisema Gunvor.

"Basi aendelee," alisema daktari, akaandika hivyo.

Jumamosi iliyofuata duka lilijaa watoto. Kila mmoja alichota peremende zake akazitia kwenye mfuko wa karatasi, na wazazi wakaangalia kwa furaha. Ylva naye alichota. Kwenye kisanduku cha tofi alisimama kidogo, akapita.

Jioni, alipokwisha kusafishwa, hakulala. Aliketi akafunga pete mpya ya uzi.

"Sasa zamu yako, Alfhild. Lala hapa."

Alfhild alimtazama Gunvor. Gunvor akaisogeza taa. Basi msichana yule akalaza kichwa kwenye mapaja madogo ya mtoto, akafungua mdomo. Ndani palikuwa na visiki vyeusi, mbele mpaka nyuma.

Ylva aliangalia kwa muda mrefu.

"Hamna pa kupitisha."

"Hamna," alisema Alfhild.

Ylva akaupitisha vivyo hivyo, polepole, mahali meno yalipokuwa, akihesabu. Alifika ishirini na sita.

"Vizuri sana," alisema, kwa sauti ya daktari wa meno. "Wala hukulia."

Theluji iliangukia jiwe la 317 kando ya ziwa. Jumatatu Gunvor aliandika barua nyingine. Jibu lilikuwa lilelile, lenye sahihi ya mtu mwingine. Aliliweka juu ya la kwanza, akaenda kukata uzi, na saa moja na robo Alfhild akavua viatu mlangoni.