Shahidi wa Mlangoni

Mimi Tupokigwe, Mama Tulia, nina mdomo, Masoko nzima inajua. Muuza chumvi akinipunja, namsema mpaka anaongeza mwenyewe. Lakini yupo mtu mmoja ambaye mbele yake sifungui kinywa, sikai naye chumba kimoja, wala jina lake silitaji: baba mkwe wangu. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wanyakyusa. Nikimwona njiani najitupa migombani, naye anageuza uso. Si chuki, ni heshima.

Sasa sikia balaa. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, alikuja mmoja, Lazaro, na pikipiki yake, akakaa sebuleni kwa mzee. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa mbao, nachambua mboga, na masikio yangu hayana likizo. Nilisikia mwenyewe: Lazaro alete mbolea, avune kahawa ya shamba la mzee msimu mmoja, basi. Msimu ukaisha, huyo anarudi na vibarua, eti walipatana miaka kumi! Ebo! Shamba hilo ndilo linalotulisha, na mama mkwe wangu amezikwa humo.

Tukaenda mahakamani Tukuyu. Shahidi ni mimi peke yangu. Nikaomba nisemee mlangoni, maana mzee yuko ndani. Hakimu, mgeni wa huko mbali, akacheka.

"Ingia usimame hapa kama watu wote, au nenda nyumbani."

Mzee akaombwa atoke yeye. Thubutu! "Kesi yangu, shamba langu, halafu nitoke nje kama mwizi?" Nikarudi nyumbani nalia kwa hasira, Lazaro akashinda. Mahakama Kuu kule Mbeya nako tukaanguka. Ikabaki Mahakama ya Rufani, na huko huendi hivihivi. Kwanza Mahakama Kuu ikupe ruhusa ya kukata rufaa, iridhike kwamba unayo hoja ya kisheria. Tukinyimwa hapo, nguvu za kuhangaika tena hatuna, shamba ndiyo limekwenda.

Siku ya kuomba ruhusa nilikuwa macho tangu alfajiri. Mzee alipanda basi la kwanza na mwanawe Boazi, mume wangu. Mimi nikapanda la pili, nikasali kutoka Kiwira mpaka Mbeya. Nikakaa kwenye benchi la koridoni. Mlango wa jaji ulikuwa wazi kidogo, nikasogeza sikio.

Wakili wetu ni Sia, binti kutoka Moshi, mwembamba, lakini hiyo sauti!

"Mheshimiwa Jaji, je, hakimu anaweza kukataa kumsikiliza shahidi kwa sababu tu ameomba kusemea mlangoni? Hiyo ndiyo hoja yetu."

Wakili wa Lazaro akainuka. "Mheshimiwa, huo ni uzushi. Mama huyo hakuwa na la kusema. Angekuwa nalo, hata leo angekuwepo hapa."

Weee! Damu ikanichemka.

"Nipo!" Kabla sijajijua nimeshapiga kelele. "Nipo hapa nje! Nilisikia kwa masikio yangu, msimu mmoja! Njia ya mwongo ni fupi!"

Nikajiziba mdomo kwa kanga. Mungu wangu, mzee amenisikia! Tangu niolewe hajawahi kunisikia nikipaza sauti. Aibu ilinishika, nikatamani ardhi ipasuke.

Jaji akakohoa. "Karani, mwambie mama huyo atulie. Leo hatupokei ushahidi." Akafunua karatasi. "Ila naona mtu akiwa mlangoni anasikika vizuri sana. Hoja ipo. Ruhusa ya kukata rufaa imetolewa."

Jamani! Kigelegele kilinitoka chenyewe. Karani akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha, nami nikaongeza kigelegele kingine. Tumepata! Tumepata!

Mara nikasikia fimbo ya mzee inakuja. Nikakimbilia nyuma ya nguzo, uso ukutani. Fimbo ikasimama karibu kabisa.

"Boazi," alisema, naye amenipa mgongo, "mwambie Mama Tulia, tukishinda rufaa na kesi ikirudi Tukuyu isikilizwe upya, aingie yeye ndani. Benchi la nje nitalikalia mimi."

Akapiga hatua, akasimama tena. "Na umwambie, ndaga fijo."

Mzee yule, asante sana, kwangu mimi! Boazi akanijia pale nguzoni kunipa ujumbe, kana kwamba sikuusikia. Nilikuwa nimeshaanza kulia.