Soko Limefungwa Mpaka Jumatano

Ijumaa kabla ya Kanivali nilikodi hisa elfu ishirini za kampuni moja ya kuku, nikaziuza reali kumi na nane kila moja. Hazikuwa zangu, lakini hapa São Paulo hilo si kosa: unasubiri zishuke, unazinunua kwa bei poa, unamrudishia mwenyewe, na kinachobaki unatia mfukoni. Kosa lilikuwa dhamana niliyoweka. Ilikuwa pesa tuliyopata kwa kuuza nyumba ya marehemu mama, laki nne na themanini, na nusu yake ni ya mdogo wangu Marilda. Sikumwambia.

Jumapili Wachina wakatangaza kwamba watanunua kuku wetu. Soko letu la hisa hufungwa kwa Kanivali mpaka Jumatano saa saba mchana. New York, ambako hisa hizohizo huuzwa pia, kazi iliendelea, nami sina akaunti huko. Jumatatu zikafika ishirini na nne kwa pesa yetu. Hisa ikishuka hukomea sifuri. Ikipanda haina dari, na hasara yangu hupanda nayo. Chini barabarani watu walicheza, mimi nikahesabu hasara.

Jumanne, ishirini na nane. Marilda akaja na mkoba wake, akajitupa sofani, akanitania kwamba nimekonda kama niliyeachwa na mke. Alhamisi alikuwa anakwenda kulipia kichumba alichokuwa ananunua mjini Santos kwa nusu yake. Nilishindwa kuvumilia, nikamwambia yote. Aliuliza mara moja tu kama ni pesa ya mama, kisha akalala kwangu kusubiri soko lifunguliwe.

Jumatano saa saba soko likafunguliwa: ishirini na tisa na nusu. Niliogopa, kwa sababu nikinunua tu, hasara inakuwa ya kweli.

"Ngoja kidogo, itarudi chini," nilisema.

"Na isiporudi?"

"Dakika tano tu, Marilda."

"Kaka, mimi nakuogopa sasa. Lete hiyo simu."

Nikiwa bado nabishana, ikafika thelathini na nusu. Alininyang'anya simu akanunua hisa zote. Pesa ya mama ikabaki laki mbili na elfu thelathini. Alinisimamia mpaka nikamwandikia dalali wangu wa hisa kwamba pesa yote iliyobaki ipelekwe kwa Marilda.

"Bado elfu kumi kutimiza nusu yangu," alisema, akainama kuvaa viatu.