Mkono wa Orville

Katika bendi ya Lucius Tolliver, anayekosea noti huinua mkono. Hakuna visingizio: unainua mkono, wenzako wanajua ni nani, mnaanza upya. Sheria hiyo aliiweka Lucius mwenyewe, enzi hizo akiwa na meno yake yote.

Sasa walikuwa studio, Los Angeles, wakirekodi upya nyimbo zao za zamani. Muziki wa swingi ulishapitwa na wakati, vijana walitaka gitaa, na santuri hii ndiyo iliyokuwa riziki ya mwisho ya bendi. Prodyuza, Bwana Hartnell, mtoto wa juzi asiye na simile, alishaonya kwamba mzee yeyote akishindwa, kazi imekwisha.

Mwisho wa wimbo, tarumbeta zilipanda pamoja. Noti ya juu kabisa aliipuliza Lucius, na Orville Pettway, jirani yake wa kiti tangu ujana, akaipuliza naye ili kumshikilia. Ikapasuka.

Lucius alijua ni yeye. Mkono ukamgandia pajani.

"Ni mimi, jamani," Orville akasema, mkono juu.

"We Orville, umekula kokoto?" mpiga ngoma akamtania, wakacheka.

Wakarudia. Ikapasuka tena, na mkono wa Orville ukapanda kabla sauti haijafa. Safari hii hakuna aliyecheka. Siri ya mtungi aijuaye kata.

"Mzee Orville, nenda kapumzike," Hartnell akasema kwenye spika. "Lucius, una neno?"

Alikuwa nalo. Lilimjaa kinywani.

"Wewe ndiye bosi," akajibu, akitazama viatu vyake.

Orville alifuta tarumbeta yake, akaifunga, akapita akimgusa bega. Lucius alitamani Orville angempiga kofi badala yake.

Wakarudia. Labda ni hasira, labda ni aibu iliyompa pumzi, maana mwili wa binadamu hauna haya: noti ikatoka safi, ikasimama pale juu hadi Hartnell akapiga makofi.

"Si nilisema? Tatizo lilikuwa yule!"

Lucius alitoka mbio. Alimkuta Orville ukumbini, koti mwilini, kofia mkononi, akitazama sakafu.

"Nimeisikia kutoka hapa mlangoni," Orville akasema. "Safi kabisa."

"Orville, sikiliza..."

"Hapana, sikiliza wewe. Mimi nilidhani nakufichia. Mungu wangu, nilikuwa nakuonea huruma! Kumbe masikio yangu yamezeeka, kaka. Nimeondoka tu, umeipata. Ni mimi niliyekuwa nakuharibia." Akaizungusha kofia. "Miaka mingapi nimekuharibia?"

Ilihitajika sentensi moja tu ya ukweli. Lucius aliiona, fupi na nyepesi, hata mtoto angeisema. Nyuma yake mlango ukafunguliwa, Hartnell akaita kwamba wimbo unaofuata uko tayari.

"Nisamehe, Lucius," Orville akasema.

Lucius akamshika mkono.

"Yamekwisha, kaka," akasema. "Nimekusamehe."