Neno Moja la Fundi

Gari liliegeshwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, pua yake imegusa ukuta, kwa hiyo mtu aliyelala kitandani aliweza kusikia hata likijikuna. Na aliyelala kitandani alikuwa fundi magari. Mtu angedhani Mungu anafanya mzaha, lakini ndivyo nyumba ilivyojengwa, na sehemu nyingine ya kuegesha haikuwepo.

Mke wa huyo fundi mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia, kwa sababu alishona mapazia na hakushona kingine, hata ungemletea suruali iliyopasuka mahali pa aibu. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na mmoja. Katika miaka yote hiyo fundi hakuwahi kuingiza gereji nyumbani. Alifika mlangoni, akavua ovaroli, akaoga kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikawa nyeupe kama mkate, kisha ndipo akaitwa mume. Mkewe alijua anavyokoroma na anavyopenda chai yake. Lakini jina la kidude kimoja kilicho ndani ya boneti hakulijua, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku moja atalihitaji.

Kiharusi kilimkuta fundi yuko chini ya gari la mtu. Walioiona miguu yake haisogei walidhani amelala, maana tabia hiyo nayo alikuwa nayo. Walipokuja kumvuta, upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umeenda shoto, na maneno yote yamemtoka, hata jina la mkewe.

Huko kwenye kituo cha mazoezi alikopelekwa kulikuwa na binti mmoja, mikono yake mifupi yenye nguvu, aliyemkunja na kumkunjua fundi kama anafua blanketi. Binti huyo alimweka Mama Mapazia kando akamweleza jambo ambalo mama wa watu alilishika kama dawa. Alisema miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye kazi. Akasema pia kwamba maneno hayarudi kwa mkupuo. Litakuja moja, limepinda, halieleweki.

"Hilo moja mlijibu, mama," akasema. "Akijibiwa, ataleta la pili. Asipojibiwa, atachoka, na akichoka mimi sina mashine ya kumrudisha."

Mama Mapazia akaondoka pale na kazi mbili moyoni: kumfikisha mumewe kituoni kila Jumanne na Ijumaa, na kulingoja neno.

Kazi ya kwanza ilimshinda mapema. Mguu wa fundi ulikuwa umekakamaa kama ubao, na kiti pekee kilichoupokea kilikuwa cha mbele cha gari lao, kwa vile fundi mwenyewe aliwahi kukisogeza nyuma ili anyooshe miguu kama waziri. Magari ya kukodi yalijaribiwa, mlango haukufungika. Na gari lao, wakati huohuo, lilianza kusita. Mama Mapazia alizungusha ufunguo, taa za dashibodi zikafifia, injini ikatoa sauti ya mtu anayeamshwa kwa ajili ya kazi ya watu wengine: nyee... nyee... nyee... kisha kimya. Siku nyingine liliwaka mara ya tano. Siku nyingine halikuwaka kabisa, na fundi akavuliwa viatu, akarudishwa kitandani na shati lake la kutokea.

Neno lilikuja Ijumaa moja asubuhi, wakati gari likisita kwa mara ya tatu. Lilitoka dirishani.

"Aa... thi."

Mama Mapazia aliuacha ufunguo palepale akakimbia ndani, kanga nusu imebaki mlangoni mwa gari. Akapiga magoti kando ya kitanda. Akamwomba aseme tena, na fundi, jasho likimtoka, akauweka ulimi katikati ya meno akausukuma kama anavyosukuma gari bovu.

"Aathi."

"Ardhi?" akauliza mkewe.

Fundi alifumba macho, akatikisa kichwa, akalirudia. Mama Mapazia hakukiona kichwa. Alishalisikia neno, na lilikuwa limemchoma. Mume wake, katika maneno yote ya duniani, alikuwa amechagua ardhi. Anaomba kuzikwa. Akamkumbatia upande ule uliokufa, akalia, akamwambia asiseme hivyo, ardhi ipo tu, haina haraka na mtu. Alikumbuka aliyoambiwa na binti wa mazoezi, kwamba neno lijibiwe, na aliamini kwamba amelijibu. Fundi alimtazama mpaka akachoka kumtazama.

Jioni alikuja shemeji yake, mdogo wa fundi, aliyeuza viatu sokoni na kuitwa Najua kwa sababu hakuna swali lililowahi kumkuta hana jibu. Mama Mapazia alimsimulia yote mawili, ugonjwa wa gari na neno la kaka yake. Aliposikia neno, Najua alikaa chini. Lazima isemwe kwamba marehemu baba yao aliwaachia kiwanja ambacho ndugu hawa hawakuwahi kukigawa, na Najua alikuwa amejenga vyumba viwili juu yake bila kumwambia mtu, akitumaini kwamba havitaonekana. Vyumba viwili vya matofali.

Kwa hiyo naye akalijibu neno, kwa namna yake. Aliingia chumbani, akavuta kigoda, akamweleza kaka yake kwa nusu saa nzima kwamba alikuwa analinda tu mpaka, kwamba mgonjwa hatakiwi kufikiria mambo ya kiwanja, na kwamba watu wabaya ndio waliompelekea maneno. Siku ya pili akaleta hati, akazitandaza juu ya shuka. Fundi alizisukuma chini kwa mkono wake mzima. Najua akatoka amekunja uso.

"Shemeji, kaka ana kinyongo," akamwambia Mama Mapazia. "Kiharusi hakikugusa kinyongo."

Lakini tusimwonee Najua, kwa sababu gari alilishughulikia kweli, kwa moyo na kwa ujinga. Kwanza alisema ni betri. Akaazima betri ya mtu, gari likawaka siku mbili, akatembea mtaani kifua mbele, siku ya tatu likasita kama mwanzo. Kisha akasema ni stata, yaani ile mota inayoizungusha injini mpaka iwake. Ikafunguliwa, ikapelekwa kwa mtu mwenye benchi, ikaunganishwa pale benchini ikazunguka kwa ukali kiasi cha kuangusha kikombe. Ikarudishwa. Gari likasita. Kisha plagi, zikasuguliwa mpaka zikawa kama zimetoka dukani. Likasita. Baada ya hapo akasema ni mafuta, na alipoishiwa vyote akasema ni gari lenyewe, limemzoea mwenye nalo.

Kila walipozungusha ufunguo, dirishani lilitoka neno lilelile. Aathi. Wakizungusha tena, aathi, kwa nguvu zaidi. Siku ya stata fundi alilisema mara kumi na moja, na mwisho akawa anapiga ukuta kwa ngumi ya mkono mzima, chokaa ikidondoka kitandani. Mama Mapazia alisimama katikati ya uwanja na spana ya shemeji mkononi asijue aende kwa nani, kwa injini au kwa mume.

Najua ndiye aliyetoa shauri. Alisema kelele za gari zinamkera mgonjwa, ndiyo maana anapandisha mori. Mama Mapazia akaliona ni shauri la busara. Akaingia ndani, akamfuta mumewe jasho, akampangusa chokaa kwenye nywele, akafunga dirisha. Tena akashusha pazia, lile zito la rangi ya zambarau alilolishona mwenyewe, lenye bitana mara mbili.

Toka siku hiyo neno likaanza kupungua. Likawa mara mbili kwa siku, likawa mara moja, likawa ulimi tu unatokeza katikati ya meno bila sauti. Mama Mapazia alifurahi. Alimwambia jirani kwamba mzee wake ameacha kuomba kifo.

Vipindi vya mazoezi vilipotea vinne mfululizo. Siku gari lilipokubali kuwaka, walipofika kituoni walikuta kitanda chao kina bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Binti wa mazoezi aliinamisha kichwa, akasema orodha haipangwi na yeye, warudi itakapofunguliwa nyingine. Akamuuliza fundi habari yake. Fundi alitazama saa ya ukutani. Binti akamuuliza Mama Mapazia kama neno lolote limekuja, na Mama Mapazia akasema lilikuja moja, la huzuni, lakini wamelimaliza.

Mwezi wa nne ulikuwa umeanza alipofika mtu ambaye fundi alimwita Mwanafunzi. Alikuwa na mvi kidevuni na gereji yake mwenyewe mji wa mbali, lakini kwa fundi alibaki Mwanafunzi, kwa sababu fundi ndiye aliyemfundisha kushika spana. Habari za ugonjwa zilichelewa kumfikia. Alikaa na mwalimu wake nusu saa, akatoka chumbani macho mekundu, na kama ilivyo kwa wanaume wasiojua pa kuweka huzuni, akauliza kama kuna kitu cha kutengeneza.

Mama Mapazia akamwonyesha gari. Alimwambia yote, betri, stata, plagi. Mwanafunzi akafungua boneti, akamwomba azungushe ufunguo. Nyee... nyee... nyee. Hakugusa betri wala stata. Aligusa kwa kidole kimoja waya mnene mweusi unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa nati kwenye bodi ya gari, kisha akakitoa haraka.

"Njoo uguse hapa, mama."

Mama Mapazia akagusa. Ulikuwa wa moto kama pasi.

"Umeme ukishapita kwenye stata lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni hii. Hapa chini ya nati pameliwa na kutu, njia imeziba. Kwa juu huoni kitu." Akaikung'uta nati kwa bisibisi. "Si betri, si stata. Ni athi, mama. Athi yako mbovu."

Mama Mapazia alibaki na kidole hewani.

"Umesemaje?"

"Athi. Waya huu. Sisi mafundi ndivyo tunavyouita."

Hakulia wakati huo. Alikaa tu chini, juu ya sementi yenye mafuta, na gauni lake safi. Mwanafunzi alidhani ni joto akamletea maji. Alipomaliza kuyanywa alimwomba alitamke tena, na tena, naye akalitamka kila mara, haelewi, anamwonea huruma. Kisha akafungua nati, akaisugua bodi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akakaza. Ufunguo ulizungushwa mara moja, gari likawaka kama mtu aliyechomwa sindano.

Mama Mapazia alikwenda ndani. Akapandisha pazia, akafungua dirisha, mngurumo ukaingia wote. Fundi alikuwa amelala ameelekea ukutani. Akamgeuza taratibu, akamshika uso.

"Athi," akamwambia. "Ulikuwa unaniambia athi. Nimesikia sasa, baba watoto. Limewaka. Sikiliza."

Fundi alimtazama kama fundi anavyomtazama mteja aliyefika wakati gereji imeshafungwa. Hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Mwanafunzi naye akaja akasimama miguuni pa kitanda, akasema kwa heshima zote kwamba mwalimu alikuwa sahihi. Nje gari likaendelea kunguruma mpaka mtu akakumbuka kulizima.

Wiki zilizofuata Mama Mapazia aligeuka mwanafunzi mwenyewe. Alimpigia simu Mwanafunzi kila siku amtajie majina ya vitu, akayaandika kwenye karatasi aliyokatia vipimo vya mapazia, kisha akakaa kitandani akayasoma moja moja, akimtazama mumewe mdomoni. Plagi. Bomba la mafuta. Fani belti. Alisema mengine vibaya kwa makusudi, kwa sababu zamani mume huyu hakuweza kumsikia mtu akikosea jina la kitu bila kumsahihisha. Alimwambia pistoni iko kwenye tairi. Fundi alimeza mate akatazama dari.

Asubuhi moja akachukua spana namba kumi. Dirisha lilikuwa wazi, pazia limefungwa fundo. Akafungua boneti kama mwizi, akailegeza nati ya athi mizunguko miwili, akatia na kikaratasi katikati. Akaingia garini. Akazungusha ufunguo.

Nyee... nyee... nyee.

Akalingoja neno, sikio lake dirishani. Akazungusha tena. Taa zilififia, injini ikaburura miguu, ikanyamaza. Ndani kulisikika kitanda kikilia, na yeye akabana pumzi. Lakini fundi alikuwa anajigeuza tu, na baada ya hapo kitanda hakikulia tena. Akazungusha mara ya tatu, ya sita, ya kumi. Akaacha kuhesabu. Betri ikaishiwa polepole, nyee zikawa fupi, mwisho ikabaki tiki, tiki, kama saa ya ukutani, kisha hata hiyo tiki ikakoma.

Shemeji alikuwa amesimama getini na kapu la viatu kichwani, hakuna ajuaye tangu saa ngapi. Aliuliza gari limepatwa na nini tena, akaanza kueleza kwamba yeye tangu mwanzo alijua ni betri.

"Halina ubovu, shemeji," akasema Mama Mapazia, mikono yake ingali kwenye usukani. "Liko zima."