Namba Saba

Kwa siku ya nne mfululizo, umeme ulikatika Gunnvor akiwa na unga mpaka viwikoni. Jiko likanyamaza, taa zikazimika, na kutoka sebuleni ikasikika sauti ya mumewe, Torleif.

"Si nilikwambia! Ni hilo dude la mama yako."

Dude lenyewe lilikuwa mashine ya kukandia unga aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kila Novemba aliitumia kuandaa mikate myembamba ya viazi ya Krismasi.

"Hata sijaiwasha, bwana," alisema Gunnvor.

Torleif aliinuka. Alikwenda ukumbini, akapandisha swichi kuu, akarudi kuketi.

Kesho yake Gunnvor alitoka kazini akakuta mahali pa mashine kwenye meza ya jikoni pako wazi.

"Iko wapi?"

"Nimeipeleka kituo cha taka, kwenye kontena la vyuma. Kitu kina miaka hamsini! Kingetuchoma humu ndani."

Damu ilimpanda Gunnvor hadi masikioni. Alimtazama huyu mwanamume aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja, akafumbua kinywa, na kabla neno halijatoka, pap! Nyumba nzima ikawa giza. Mvua tu ndiyo iliyosikika, ikichapa madirisha.

"Haya," alisema. "Leo nani kakata umeme? Mzimu wa mama?"

"Labda friji..."

"Nyamaza, Torleif. Labda zako nimezichoka."

Alichukua tochi, akafungua sanduku la umeme, akashusha breka zote kumi na moja, zile swichi ndogo za kila sehemu ya nyumba. Kisha akapandisha swichi kuu. Ikakaa. Akaanza kupandisha breka moja moja.

"Jikoni, hakuna tatizo. Umeona?" Akammulika mumewe usoni. "Bafuni, hakuna tatizo. Umeona?"

Alipopandisha ya saba, swichi kuu ikajikata papo hapo. Kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa sanduku, mbele ya namba saba, paliandikwa kwa mwandiko wa Torleif: Nje.

Torleif akakohoa. "Hizo ni taa za bustanini tu."

"Ulizofunga wewe. Nikakusihi tuite fundi, ukasema fundi wa nini."

Alizima kila kitu, akatoka mvuani bila koti, akafungua kiboksi cha nyaya ukutani mwa banda la bustanini. Maji yakamwagika. Ndani, nyaya zilikuwa zimeungwa kwa utepe mwembamba unaong'aa, uliolowa na kubanduka.

Alirudi ndani akichuruzika maji.

"Umetupa mashine ya mama yangu, na nyaya umezifunga kwa utepe wa gundi wa kufungia zawadi?"

"Kesho asubuhi nitaenda kuitafuta, mpenzi."

"Kontena huondoka kila Alhamisi saa tisa. Leo Alhamisi. Saa hizi wameshaiponda."

Akachukua simu. Torleif akamshika mkono.

"Usimwambie fundi kuwa nimefunga mimi. Hairuhusiwi bila leseni, unajua. Watu wa bima wakisikia..."

"Simwambii. Utamwambia mwenyewe."

Fundi alifika asubuhi, mwanamke kijana aitwaye Synnøve, mwenye leseni yake kifuani. Alichungulia ndani ya kiboksi, akainua ule utepe kwa ncha ya koleo.

"Nani kafanya hivi?"

Torleif alisimama mvuani, kofia mkononi. "Mimi."

"Mzee, mtoto angegusa hapa ungemzika."

Gunnvor aliyasikia yote akiwa dirishani. Alidhani yatampoza moyo. Hayakumpoza hata kidogo. Alifunga viazi na unga kwenye mfuko, akawasha gari, akaenda kwa dada yake, na huko wakakanda kwa mikono mpaka mabega yakawauma.

Jioni Torleif akapiga simu. Nyaya mpya zimefungwa, alisema, na tangu mchana umeme haujakatika hata mara moja.

"Vizuri," alisema Gunnvor. "Kaa nao."

Akakata simu, akarudi kwenye unga.