Hawali, Aliandika

Jirani yetu mshonaji anaapa kwamba samaki alimtolea ulimi. Anasema aliinamia beseni bandani kwetu, na yule mwekundu wa kilindini, macho yamemtoka kama vifungo vya koti, akamsukumia ulimi mnene wa rangi ya waridi. Sasa mtaa mzima unasema samaki wetu wana laana. Shangazi alimjibu kwamba pengine samaki aliona gauni alilojishonea mwenyewe.

Ule si ulimi, ni tumbo. Nimewapasua samaki hao miaka sita. Wanaishi pima mia na hamsini chini, gizani, kwenye miamba. Ndani wana kifuko cha hewa. Mshipi ukiwapandisha haraka, kifuko kinavimba na kulisukuma tumbo hadi mdomoni, limepinduka, na chakula chote kinamwagika njiani. Mabaharia hulirudisha kwa kidole kabla ya kushusha mzigo, samaki apendeze. Yule wa mshonaji walimsahau.

Mtafiti anayekuja kuwapima, tunayemwita Bwana Rula, hajui habari ya kidole. Yeye hupokea samaki nadhifu, anapasua, anakuta tumbo tupu. Nilichungulia daftari lake: “Msimu huu hawali.” Ijumaa ya wiki iliyofuata angelipeleka ofisini.

Bwana Rula anatafuta msaidizi. Niliomba, akaniuliza cheti cha sekondari. Sina, niliishia la saba. Shangazi aliniambia niache, mkono usioweza kuukata, ubusu. Sikuacha. Siku kumi nilikwangua utumbo, ule wa nyuma ya tumbo, ambao haupinduki. Nikapata macho ya kamba, miiba midogo, midomo ya ngisi migumu kama kucha. Nikatia kwenye chupa za dawa, kila chupa na tarehe yake.

Alhamisi nilizipanga mezani kwake, pale pale bandani, nikamweleza na ya kidole. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akamwita baharia mmoja, akamuuliza. Baharia akatazama viatu vyake, akasema ni kweli, tangu enzi za baba yake.

Bwana Rula akainua chupa moja kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza polepole. Kisha akafungua daftari, akafuta lile neno “hawali” kwa mstari mmoja.

“Nani mwingine anajua hili?” akauliza.

“Samaki,” shangazi akadakia kutoka kwenye beseni lake.

Mimi sikucheka. Nilifuta mikono kwenye aproni, nikasimama wima.

“Bwana, cheti sina na sitakudanganya. Naomba ile nafasi ya msaidizi. Nianze Jumatatu.”

Alikuwa bado ameishika chupa.