Nyumba Isiyokunywa Maji

Kuna jambo ambalo ofisi ya elimu haitakuambia mpaka limeshakukata: nafasi ya mtoto shuleni haidumu. Kila mwaka mzazi anatakiwa kuithibitisha upya, kwa fomu na bili ya maji yenye jina lake, ili wajue kweli mnakaa ndani ya mpaka wa shule. Siku ya mwisho ikipita, mtoto anafutwa, hata kama amekalia dawati lile lile miaka mitatu. Hawapigi simu. Wanaleta bahasha moja, wanabandika karatasi nyuma ya mlango wa ofisi yao unaofungukia ndani, kisha wanakwenda kunywa chai.

Haya nimeyajua kwa kufiwa. Fomu zote za nyumbani alikuwa akijaza mke wangu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Namba sina shida nazo, ndizo zilizonipa kazi ya kusoma mita za maji miaka kumi na tisa sasa, lakini barua ndefu inanitoa jasho kama mzigo wa saruji. Mke wangu alikufa mwezi ule ule wa fomu. Bahasha ya shule ikaja pamoja na za hospitali na za rambirambi, nikazirundika zote juu ya kabati. Nani anazifungua? Zote zinasema pole.

Shule zilipofunguliwa, binti yangu alirudi nyumbani saa mbili asubuhi na begi mgongoni. Mama yake alimpa jina la Chiriku kwa kupenda kwake maneno, lakini siku hiyo alisema maneno matatu tu.

"Baba, jina halipo."

Nikaenda ofisini na kofia yangu ya kazi. Karani alikuwa mama wa makamo, kucha zimepakwa rangi, na jalada mbele yake.

"Mzazi aliyesajiliwa ni mke wako?"

"Ndiye."

"Mbona hakuja kuthibitisha?"

"Amekufa."

"Oh, pole sana, mzee wangu. Alikufa tarehe ngapi?"

Nikamtajia. Akahesabu kwa zile kucha zake. "Fomu zilishatoka wakati huo. Alikuwa na siku nne."

Siku nne hizo mke wangu alikuwa anatapika damu kwenye beseni. Nikamwambia hivyo. Karani akasema utaratibu hauna safu ya kuandika mambo ya beseni. Akanieleza kuwa Chiriku amepangiwa shule ya ng'ambo ya barabara kuu, ambako darasa la nne lina watoto mia na kumi na mwalimu mmoja anayeuza vocha saa za vipindi. Watu wa ofisi ile wanaijua vizuri shule hiyo. Ndiyo maana hakuna hata mmoja mwenye mtoto pale.

"Ila mwanao ni wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri," akasema. "Mmoja akitoka, yeye anaingia."

"Anatokaje?"

"Akihama. Akifa. Au tukigundua hakai ndani ya mpaka." Akagonga muhuri. "Anayefuata!"

Sasa, kama kuna mtu mtaani kwetu anayejua nani anakaa wapi, ni mimi. Watu huniita Mzee wa Mita, na watoto hunikimbia wakidhani nakata maji. Nyumba yenye watu inakunywa. Wakifua, wakipika, mgeni akija, mtoto akiugua tumbo, yote yamo kwenye mita, na mimi huinama kila mwezi nikayaandika. Nyumba isiyo na watu haidanganyi. Namba ya mwezi huu ni ile ile ya mwezi uliopita.

Mtaani kwetu zilikuwapo nyumba kama tisa za namna hiyo. Zina kufuli, zina majani mpaka dirishani, na zina bili ya maji yenye jina la mama fulani anayekaa kwingine na mwenye mtoto katika shule yetu. Kila mtu alijua. Mimi niliandika sifuri zangu nikaenda zangu, kwa kuwa hainihusu.

Mmojawapo alikuwa mama mmoja fundi cherehani. Yeye na mwanawe walikaa ng'ambo ya barabara kuu, chumba kimoja nyuma ya kibanda cha kushonea. Nyumba aliyoiandikisha ilikuwa ya kaka yake, aliyeijenga akasafiri kabla hata ya kuipaka rangi. Mwanawe alikuwa darasa moja na Chiriku. Magoti yake hayakuwahi kupona vidonda, watoto wakamwita Goti. Fundi alikuwa shoga wa mke wangu. Alimlaza ubavu alipoumwa, akamwosha alipokufa, na tangu hapo kila Jumamosi alimsuka Chiriku kwa sababu mimi vidole vyangu vinajua koki tu.

Nilitembea nalo jambo hilo siku tano. Siku ya sita nikarudi ofisini, nikaulizia afisa wa uhakiki. Kijana mwenye mafua, anapenga kwenye karatasi za serikali. Nikamfunulia kitabu changu, nikaweka kidole. Mia nne kumi na mbili. Mia nne kumi na mbili. Mia nne kumi na mbili. Miezi kumi na minne.

"Huyu na mwanawe hawaogi?" akauliza.

"Wanaoga. Ng'ambo."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Mtasema mengi juu yangu, semeni. Si mimi niliyechora mpaka katikati ya barabara. Si mimi niliyejenga shule moja yenye walimu na nyingine ya kufugia watoto, halafu nikawaambia wazazi wagombanie mlango kama kuku. Wao wamekaa kwenye feni. Sisi huku chini tunang'oana macho, na wao wanaandika mahudhurio.

Walimtoa Goti katikati ya kipindi cha hesabu. Wiki ile kulikuwa na watoto walioitwa nje kupewa zawadi ya madaftari, kwa hiyo aliposikia jina lake alinyanyuka mbio, akawatolea wenzake ulimi. Walimpa begi lake na barua ya kumpelekea mama yake. Alikaa getini mpaka saa nane akiamini bado madaftari yanakuja. Haya Chiriku aliambiwa na wenziwe, akanisimulia akila. Nilimwambia ale chakula chake.

Jumatatu iliyofuata karani akanipigia. Kumbe simu wanazo.

Sketi ya Chiriku ilikuwa imempanda juu ya magoti, na mlinzi wa shule ana fimbo ya kupimia. Sare ya shule ile inashonwa na mtu mmoja tu aliyepewa kibali. Nikamshika mwanangu mkono, tukavuka barabara.

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Goti alikuwa chini ya meza anakusanya vipande vya nyuzi. Hakuwa ameanza shule mpya, kule walimwambia asubiri dawati.

"Karibu, shemeji," fundi akasema. "Chiriku, panda kwenye stuli, nikuone ulivyorefuka."

Akampima kiuno, akampima urefu, akaandika kwa chaki mezani. Kisha, bila kunitazama:

"Wamempa nafasi?"

"Wamempa."

"Mungu mkubwa. Ilipatikana wapi?"

Nikaishika stuli isimwangushe Chiriku.

"Nauliza tu, shemeji. Maana walikuja na namba. Mia nne kumi na mbili. Hata mimi mwenye bili sikuwa naikumbuka." Akatoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye kiuno cha sketi ya zamani. "Mtaa mzima una mtu mmoja anayeinama pale."

"Dada, waulize walioweka kiti kimoja kwa watoto wawili."

"Nitawauliza. Leo nakuuliza wewe."

"Kiti kilikuwa chetu. Wewe ulikiiba kwa bili."

"Nilikiiba, ndiyo." Akachomeka pini ya pili. "Na mkeo ndiye aliyenionyesha namna. Alinijazia fomu kwa mkono wake, mezani kwako, wewe ukiwa umelala na viatu."

Hilo sikulijua. Chiriku alikuwa wima juu ya stuli kama nguo dukani, macho yanatoka kwake kuja kwangu.

"Baba, ni wewe?"

"Simama vizuri, utachomwa."

Fundi akaenda kwenye kabati lake, akarudi na kaptura mbili za bluu, mpya, za Goti. "Kitambaa cha sare kimeisha mpaka mwezi ujao," akasema. "Hiki kipo." Akaketi, akachukua wembe, akaanza kufumua. Mshono mmoja, mshono mwingine, kwa ule ustadi wake, hakuna hata uzi uliokatika vibaya. Goti akatoka chini ya meza.

"Mama, hizo zangu."

"Zilikuwa."

Mtoto akaziangalia zikifunguka mpaka zikawa vipande vinne bapa. Halafu akarudi chini ya meza.

Ningeweza kuondoka. Ningeweza kusema tutasubiri kitambaa. Lakini mlinzi na fimbo yake hawasubiri mwezi ujao.

"Pindo liwe refu," nikasema. "Anakua."

"Litakuwa refu," fundi akasema. "Litamfikisha mpaka darasa la saba, akiwa hai na wewe ukiwa hai." Akatema pini zilizobaki kiganjani. "Jumamosi usimlete tena. Msuke mwenyewe."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe. Nilijiambia hivyo njia nzima. Chiriku alitembea hatua tano nyuma yangu, na tulipofika barabara kuu alivuka peke yake.

Nikadhani yamekwisha. Afisa wa mafua akaniita.

"Mzee, una macho mazuri. Nyumba nyingine zipo?"

"Hiyo si kazi yangu."

"Nafasi ya binti yako ni ya muda. Hukuisoma barua?" Anajua sikuisoma. "Itakuwa ya kudumu uhakiki ukiisha."

"Utaisha lini?"

"Hilo litategemea wewe. Niletee nyumba mbili kila wiki."

Basi nikapeleka mbili. Muuza mkaa, na mjane mwenye mapacha. Wiki ya pili nikapeleka mbili nyingine. Watoto watano walitoka na mabegi yao, na sikuona kiti hata kimoja kikipewa mtoto wa orodha. Vilijazwa na watoto waliokuja kwa magari, ambao mita zao sijawahi kuzisoma wala sitazisoma. Wazazi, lijueni na hili: wanapotangaza kuwasafisha wasio wakazi, wanapanga meza kwa ajili ya wageni wao.

Chiriku alikuwa anaingia shuleni na kutoka. Nyumbani hakuniambia kitu ila niulize, na nikiuliza alijibu kama karani. Hakuna aliyekaa naye dawati moja. Nilimsuka Jumamosi mbili. Alikwenda shuleni na kichwa kama kiota kilichopigwa na mvua, na hakulalamika.

Wiki ya tatu mita zikaanza vituko. Nyumba yenye kufuli la kutu, iliyokaa mia mbili themanini na nane tangu mwaka juzi, ikasoma mia mbili tisini na tano. Uniti saba. Nikaitikisa mita. Nikaangalia majani, hayajakanyagwa mlangoni. Nyumba ya pili, uniti tano. Zote mbili nikaziandika kama zilivyosoma. Nilidhani bomba limepasuka, nikachunguza, ardhi ilikuwa kavu isipokuwa kwenye mfereji wa uani. Bomba lililopasuka halichagui mfereji.

Ya tatu niliisikia kabla sijaifikia. Maji yanamwagika kwa nguvu, mchana kweupe, saa za kutoka shule. Nikasukuma kigeti cha mabati.

Chiriku alikuwa amechuchumaa mbele ya bomba, sketi ameikunja mapajani, viatu amevipanga ukutani visilowe. Hanywi, haoshi kitu. Anayaangalia maji yakienda.

"Umefungua ngapi?"

Hakushtuka. "Zote ulizobakiza."

"Nani amekutuma? Fundi?"

"Fundi hasemi na mimi. Hakuna anayesema na mimi."

"Unajua unafanya nini?"

"Natia watu ndani ya nyumba," akasema. "Si ndivyo mnavyohesabu?"

Nikafunga koki. Akaifungua. Nikaifunga tena, nikaikaza kwa mkono wa kazi, asiweze.

"Nikikosa nyumba mbili Ijumaa, kiti chako kinaondoka. Unanielewa? Utakwenda kukaa sakafuni na wenzako mia."

"Mwambie afisa akakikalie yeye, mafua yake yapate pa kupumzikia."

Ulimi wa mama yake huo. Nilikuwa sijausikia wiki tatu, na kama angeishia hapo labda ningecheka.

"Ile bahasha nilikuletea, baba. Nilikwambia hii ni ya shule, nikusomee? Ukaniambia nitoke na kelele zangu." Alisema bila kulia. "Nikaiweka mwenyewe juu ya kabati, kwa ngazi."

Nilimpiga. Kofi moja, la mkono wazi, na sisimulii hapa kutafuta radhi. Wangenijibu ofisini kwao kama mtu, nisingefika kwenye ua wa watu kumpiga mtoto wangu. Aliinama, akachukua viatu vyake, akapita chini ya kwapa langu akatoka peku.

Nikabaki na mita. Mia tatu na tisa. Mwezi uliopita ilikuwa mia tatu na tano, na mwezi wa nyuma yake vilevile. Uniti nne za mtoto mmoja aliyechuchumaa. Nikiandika tisa, nyumba hii ina wakazi, mwenye nayo amepona, na mimi nimebakiwa na nyumba moja ya kupeleka. Nikatoa kalamu sikioni. Nikaandika mia tatu na tano, pembeni nikaweka sifuri, na jina la mzazi nikalinakili herufi moja moja kutoka kwenye bili niliyoichomoa chini ya mlango.

Nyuma ya ukuta nikasikia koki ya nyumba ya nne, ile niliyobakiwa nayo, ikilia kutu, kisha maji. Nikafunga kitabu, nikaenda huko.